Mwalimu Aliyekataa Kumaliza Shule



Kijana mwenzangu, Oktoba ikifika tumeshazoea mambo yake. Tarehe 14 ni mapumziko, redioni zinapigwa hotuba za zamani, picha ya Mwalimu Nyerere inazunguka kwenye magrupu, na kesho yake maisha yanaendelea. Leo sitaki kuandika habari za siasa zake, wengine wameziandika vizuri kuliko mimi. Nataka kuandika juu ya Nyerere mwanafunzi.

Sababu ninayo. Kwenye kikundi chetu cha vijana hapa Kibaha yupo dada mmoja wa miaka 26. Aliachia shule kidato cha pili, ana mtoto, na sasa amepata nafasi ya kurudi kusoma kwenye chuo cha maendeleo ya wananchi. Anasita. Anasema umri umekwenda, eti ataonekana mama wa wenzake darasani. Tulijadili jioni nzima, kila mtu na ushauri wake, mpaka kaka mmoja mwenye digrii akasema yeye tangu amalize chuo hajafungua kitabu, kwa hiyo haoni haraka ya nini. Tulicheka, lakini mimi nilirudi nyumbani nikiwaza kwamba kati ya hao wawili, aliyezeeka kichwani si yule dada.

Basi, Mwalimu.

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922. Baba yake alikuwa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, mama yake Mugaya. Ukisikia mtoto wa chifu unadhani alipelekwa shule mapema. Wapi! Alichunga mifugo kama watoto wengine, na alianza darasa la kwanza mwaka 1934, akiwa na miaka 12, kwenye shule ya bweni ya Mwisenge, Musoma. Umri ambao leo mtoto anakaribia kumaliza la saba, yeye ndiyo kwanza anashika kalamu. Masomo ya miaka minne akayamaliza kwa mitatu, na mwaka 1937 akaenda Tabora.

Kuna jambo lingine alilolianza akiwa Mwisenge, nalo kwetu Wakatoliki lina uzito. Alianza kufuata mafundisho ya dini kwa mapadre wa misheni ya Nyegina. Lakini hakubatizwa upesi. Alibatizwa Desemba 1943, akiwa na miaka 21, baba yake ameshafariki. Yaani alikaa miaka mingi katika hali ya mkatekumeni, na mkatekumeni ni nani kama si mtu anayefundishwa? Sisi tuliobatizwa wachanga tunaweza kudhani imani ni kitu kama cheti cha kuzaliwa, kipo kabatini, kimeshaandikwa. Mtu aliyeingia Kanisani kwa kusoma, kuuliza na kungoja anaiona tofauti. Nadhani hapo ndipo tabia yake yote ilipoanzia, ingawa hilo ni wazo langu tu.

Akasoma ualimu Makerere, Uganda, mwaka 1943 hadi 1945. Akarudi Tabora kufundisha kwenye shule ya Mtakatifu Maria ya mapadre. Tayari ni mwalimu, ana mshahara, ana heshima. Wengi tungeishia hapo. Mwaka 1949, akiwa na miaka 27, akafunga safari ya masomo mengine: Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti. Alisoma historia, uchumi, falsafa, akarudi na shahada yake mwaka 1952. Mwalimu alirudi kuketi kwenye benchi, kwenye baridi ile, akisahihishwa na watu wengine kwa kalamu nyekundu. Dada yangu wa miaka 26, upo?

Januari 1953 alifunga ndoa na Maria Gabriel, ndiye Mama Maria tunayemfahamu, na mwaka huohuo akaja kufundisha pande zetu hizi: Chuo cha Mtakatifu Fransisko, Pugu.

Kwa msiopafahamu, Pugu ipo juu ya vilima, mwendo mfupi tu kabla hujaingia Kisarawe. Ukitoka Kibaha unashuka na barabara ya Morogoro, unazunguka hadi Gongo la Mboto, halafu daladala inaanza kupanda. Hewa inabadilika, msitu unaanza. Ni kwetu upande wa mama, kwa hiyo barabara hiyo nimeipita mara nyingi. Wengi mmefika Pugu kwa hija. Misheni yake ni ya zamani, Wabenediktini walifika pale mwaka 1888. Kwenye vilima hivyo ndipo Mwalimu alipofundisha akiwa na mke na mtoto mchanga, huku akishuka mjini, kilomita kama 20, kwenye mikutano ya chama. Aprili 1953 alichaguliwa rais wa chama cha TAA, na tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa. Juma zima ni chaki, mwisho wa juma ni mikutano.

Machi 1955 alikwenda New York kuitetea Tanganyika mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi Pugu akawekwa njia panda: ualimu au siasa, viwili pamoja haviwezekani. Akaacha kazi. Nataka uone uzito wake. Alikuwa na familia changa, kazi ilikuwa ya uhakika, na chama kilikuwa hakina hela. Akarudi Butiama bila mshahara.

Unajua alifanya nini kule kijijini? Miezi ile alimfundisha Kizanaki padre mmoja wa shirika la Maryknoll, na akasaidia kuweka mafundisho ya dini katika lugha hiyo. Mtu aliyetoka kuhutubia New York ameketi Butiama anatafuta neno la Kizanaki litakalobeba neema, au msamaha. Hiki kipande cha maisha yake hakisimuliwi sana, nami nakipenda kuliko vingi. Ukitaka kujua kama unaielewa imani yako, jaribu kumweleza bibi yako kwa lugha yake ya nyumbani.

Historia ya uhuru mnaijua, naipita. Ninachotaka mwone ni kwamba madaraka hayakumfanya aache daftari. Mwaka 1963, akiwa Rais, ilitoka tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, ile ya Kaisari. Watu wakastaajabu: huyu anapata wapi muda? Lakini kinachonigusa mimi si hiyo tafsiri ya kwanza. Ni kwamba baadaye aliirudia. Aliona haijamridhisha, akaikarabati, na mwaka 1969 ikatoka upya kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo akatoa na Mabepari wa Venisi. Rais wa nchi, ambaye hakuna mtu wa kumwambia kazi yako ina kasoro, alijisahihisha mwenyewe hadharani, kitabu kipya kando ya cha zamani, kila mtu alinganishe.

Hapa ndipo Kibaha inapoingia. Mwaka 1963 nchi za Nordiki na Tanganyika zilikubaliana kujenga kituo kikubwa hapa, cha shule, afya na mafunzo kwa wakulima, ili kupigana na wale maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Mwaka 1970 kituo kikakabidhiwa kwa Tanzania, ndiyo Shirika la Elimu Kibaha la leo. Tunapita mbele yake kila siku kwenda kununua vocha, hatujiulizi kwa nini shule ya watoto, hospitali na mafunzo ya wakulima watu wazima vilipangwa pamoja. Fikra ilikuwa kwamba nchi haiwezi kungoja watoto wakue ndipo ianze kuelimika. Baba anayelima leo naye afundishwe leo.

Mwalimu aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Hapo ndipo ngumbaru ilipopamba moto. Madarasa yalifanyika chini ya miembe, kwenye maghala, kwenye vyumba vya shule watoto wakishaondoka. Walimu walikuwa pamoja na vijana waliomaliza la saba tu. Mtoto anamfundisha mjomba wake, mkwe anaandika ubaoni mbele ya wakwe. Kwa mila zetu, hilo lilihitaji unyenyekevu wa pande zote mbili.

Bibi yangu mzaa mama, Mzaramo wa Kisarawe, alikuwa mmoja wao. Bibi alikuwa Mwislamu, na Qurani alikuwa anaisoma vizuri sana. Herufi za Kiarabu alizijua tangu utotoni, chuoni kwa mwalimu wake. Lakini akienda kuuza korosho anapiga dole gumba, na kwenye hesabu za Serikali anaandikwa hajui kusoma. Lilimuudhi. Akaingia ngumbaru akiwa na watoto wanne, wa mwisho mgongoni. Kalamu ilimsumbua kwa sababu mkono wake ulizoea kuandika kutoka kulia. Hadi uzeeni, sahihi yake ilikuwa ndefu kuliko lazima, jina zima na la baba yake, kana kwamba anafidia zile dole zote. Na redio! Alinisimulia kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, walivyokusanyika kikundi kusikiliza kipindi, kusoma kitabu, halafu wakainuka kwenda kuchimba choo. Watu kama milioni 2 nchini walishiriki. Choo cha bibi kilichimbwa na wanafunzi wenzake wa darasani.

Kwa takwimu za Serikali, mwaka 1967 watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma. Mwaka 1975, baada ya mtihani wa taifa, ilionekana wamebaki 39, na mwaka 1986 chini ya 10. Sikufichi, baadaye hali ilirudi nyuma, madarasa yalipokufa na waliojifunza wakakosa cha kusoma. Akili nayo ni kama jembe, lisipotumika linashika kutu.

Kutoka vuguvugu hilo, kuanzia mwaka 1975, vilianzishwa vyuo vya maendeleo ya wananchi, kwa mfano uliochukuliwa Sweden. Leo vipo zaidi ya 50 nchini. Kibaha kipo kimoja. Kisarawe kipo kingine. Vinapokea watu ambao mfumo wa kawaida uliwaacha njiani, na siku hizi wapo kina dada wanaorudi kumalizia sekondari huku watoto wao wakiangaliwa palepale. Nafasi aliyoipata dada yetu ni tunda la miti aliyopanda yule mzee. Haoni aibu mtu kula embe kwa sababu mwembe ni wa zamani.

Sasa, tusimfanye malaika. Wakati wa operesheni ya vijiji miaka ya 1970 watu wengi walihamishwa kwa nguvu, na jambo hilo liliacha machungu. Wapo waliofungwa bila kesi. Mchakato wa kumtangaza mwenyeheri, ulioanzishwa na Jimbo la Musoma, nao unachunguza yote, mazuri na mabaya. Kwa sasa Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu, na hukumu ni ya Kanisa, si ya blogu. Lakini angalia alivyofanya na makosa. Mwaka 1977, Azimio la Arusha lilipotimiza miaka 10, aliandika tathmini iliyotaja waziwazi mahali waliposhindwa. Mwaka 1984 alikiri kwamba kufuta serikali za mitaa mwaka 1972 na vyama vya ushirika mwaka 1976 yalikuwa makosa. Na mwaka 1990, yeye aliyejenga mfumo wa chama kimoja ndiye aliyewaambia wenzake suala la vyama vingi lijadiliwe, si dhambi. Miaka miwili baadaye vyama vingi vikaruhusiwa.

Hicho ndicho ninachokiita ujana wa akili. Madaktari wanasema ubongo unaoendelea kujifunza hujiwekea akiba ya kuukabili uzee, ingawa si kinga kamili, na mimi nawaamini. Ila kuna watu wana kumbukumbu kali sana na bado ni wazee kichwani, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kuwaambia kitu. Nimekutana nao wana miaka 22. Wameshajua kila kitu kuhusu Mungu, ndoa, wazazi wao, na wewe pia. Kwa Mwalimu ilikuwa kinyume: kadiri alivyopanda, ndivyo alivyozidi kukubali kwamba kuna somo hakulielewa. Kwenye kitubio sisi tunafanya jambo lilelile, tunakwenda kusema hapa sikupata, naomba nirudie.

Aliacha urais mwaka 1985 kwa hiari yake, akaacha uenyekiti wa chama mwaka 1990. Akarudi Butiama kulima. Akacheza bao, mchezo alioupenda. Akaenda Misa asubuhi kama mkristo yeyote wa kigangoni. Na akaanza kazi ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo kubwa kuliko zote alizofanya kwa kalamu: kuziweka Injili katika utenzi.

Labda hujui ugumu wake. Utenzi una mistari minne kila ubeti, na kila mstari una mizani 8, si 7, si 9. Mistari mitatu ya kwanza inafanana vina, wa nne unabeba kina kinachorudi kutoka ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho. Sasa chukua Injili ya Mathayo, na nasaba yake yote ya mwanzo, na uiingize humo bila kupotosha neno la Mungu. Marehemu Mathias Mnyampala, Mkatoliki na mshairi wa Dodoma, alikwishaonyesha njia kwa utenzi wake wa Injili. Lakini Mwalimu alikuwa Mzanaki, Kiswahili alikikuta shuleni, na huu ni utunzi wa watu wa pwani. Kila mzani ilibidi ajifunze kama mgeni. Alizimaliza Injili zote nne, akaongeza Matendo ya Mitume. Vilichapwa na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho mwaka 1996. Alikuwa na miaka 74, na mwaka huo ndipo alipobeba pia kazi ya kupatanisha Warundi. Asubuhi anahesabu mizani, mchana anasikiliza makundi yaliyouana. Sioni kama kazi hizo mbili ziko mbali sana.

Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa saratani ya damu, akiwa na miaka 77. Usuluhishi wa Burundi ulikuwa haujakamilika. Mzee Mandela aliupokea. Amezikwa Butiama.

Kuna mtu mmoja katika Injili ya Yohana, sura ya 3, ambaye namwona kila nikimfikiria Mwalimu. Nikodemo. Naye alikuwa mwalimu, mkubwa wa watu, na alikwenda kwa Yesu usiku na swali ambalo mtu mzima anaona haya kuliuliza: mtu mzee anazaliwaje tena? Yesu alimshangaa kidogo, mwalimu mzima halijui hilo, lakini hakumfukuza. Akakaa naye, akamfundisha. Na tunajua hakuishia usiku ule, maana kwenye maziko ya Bwana yupo, amebeba manemane.

Jumamosi hii kikundi chetu tutasoma sura hiyo kwanza kwenye Biblia, halafu kwenye utenzi wa Mwalimu, tuone alivyompitisha Nikodemo kwenye mizani 8. Nakala tunayo moja, tutaisoma kwa zamu kwa sauti. Ni saa 10 jioni, baada ya usafi wa kanisa. Njoo na daftari na kalamu. Simu tutaziweka kwenye kikapu mlangoni.